Mahali pa Kusimama: Miaka Yangu ya Kupiga Picha za Treni

Kati ya vitu vinavyokwenda ambavyo watu hupenda kuvipiga picha, treni ina sifa moja iliyo adimu: inakuonyesha njia yake kabla haijafika. Ndege hugeuza bawa akaelekea asikotarajiwa, mchezaji hubadili mwendo ghafla, gari huhama kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine, lakini treni itapita juu ya vyuma viwili vilivyolazwa kwenye mataruma zamani, viwe vimeachana kwa milimita 1,435 kama ilivyo kwenye reli ya kiwango cha kimataifa, au 1,067 au 1,000 kama ilivyo kwenye reli nyembamba. Anayetaka kuipiga picha anaweza kufika mapema, akazunguka, akapima kwa macho, akaondoka na kurudi siku nyingine, huku akijua kwamba mgeni wake hatabadili njia. Nimeifanya kazi hii kwa mapenzi tu kwa zaidi ya miaka kumi, na nimesadiki kwamba sehemu kubwa ya picha ya treni hukamilika wakati reli bado ni tupu.

Nilianza na treni za abiria kwa sababu zina ratiba, na ratiba ni msaada mkubwa kwa mtu anayejifunza. Treni ileile hupita mahali palepale saa ileile, nawe ukikosea leo unaweza kurekebisha kesho. Ninayo kona moja ambayo niliirudia karibu kila Jumamosi kwa miezi kadhaa. Mara ya kwanza nguzo ya nyaya za umeme ilionekana kana kwamba imeota juu ya kichwa cha treni. Mara ya pili nilisogea hatua sita kushoto, nguzo ikaondoka lakini kichaka kikaficha magurudumu. Mara ya tatu nilipiga magoti, na hapo ndipo nilipotambua kwamba treni inayotazamwa kutoka chini huonekana nzito na kubwa kuliko ilivyo, ilhali ukiitazama kutoka juu ya tuta unaona mabehewa yake yote yamefuatana kama shanga kwenye uzi. Nilihitaji Jumamosi nyingi kwa jambo ambalo mtu angeweza kuniambia kwa sentensi moja, lakini naamini nisingeliamini bila kuliona mwenyewe.

Treni ya mizigo haikupi saa. Huondoka shehena inapokuwa tayari, husimamishwa kwenye njia ya kupishana ili treni ya abiria itangulie, hukaa yadini mabehewa yakipangwa upya, na wakati mwingine hungoja dereva mwingine aje kupokea zamu. Anayeisubiri hujifunza kusoma dalili: taa ya ishara iliyokuwa nyekundu kwa saa nzima hugeuka kijani, kengele ya makutano ya reli na barabara huanza kulia, kisha chuma cha reli hutoa mlio mwembamba ambao mara ya kwanza unaudhania ni wa mdudu. Siku moja nilingoja tangu alfajiri hadi jua lilipopita utosini, kamera ikiwa imeelekezwa bondeni, kwa kuwa treni zenye shehena zilizoea kupanda kutoka huko. Treni iliyokuja ilikuwa ya mabehewa matupu, nayo ilishuka kutoka nyuma yangu. Nilipogeuka kichwa kilikuwa kimekwisha kupita, na nilichobaki nacho kilikuwa mkia, yaani mstari mrefu wa mabehewa ukijikunja kuifuata kona na taa nyekundu ya mwisho ikididimia katika vumbi. Picha hiyo naipenda hadi leo. Ilinifunza pia kwamba kila mahali pa kusimama pana pande mbili, na tangu siku hiyo huzikagua zote mbili kabla ya kuketi.

Sasa, nikilazimika kuchagua, nitachagua treni ya mizigo. Treni ya abiria ni nzuri kwa sababu imetengenezwa ipendeze. Ina rangi moja tangu kichwa hadi mkia, madirisha yaliyopangwa sawasawa, na jioni, taa zake za ndani zinapowaka, hupita kama nyumba zilizoshikana mikono. Treni ya mizigo haikutengenezwa ipendeze mtu yeyote. Kontena la buluu limebebwa karibu na jingine lililofifia hadi huwezi kutaja rangi yake, matangi yana michirizi ya kile yalichobeba, mabehewa ya nafaka yana milango chini ya matumbo yake, na mabehewa bapa yamefungwa magogo kwa minyororo. Kila behewa limepita njia yake kabla ya kuunganishwa na wenzake. Kwenye mwinuko mkali ndipo uzuri wake unapodhihirika: vichwa viwili, vitatu au zaidi vikivuta pamoja, pengine kingine kikisukuma kutoka nyuma, na mchanga mkavu ukimwagwa mbele ya magurudumu ili chuma kipate kushika chuma. Mwendo hupungua hadi ule wa mtu anayeendesha baiskeli, injini za dizeli huunguruma kwa sauti unayoisikia kifuani, na unapata nafasi ya kupiga picha tatu au nne zilizofikiriwa, moja treni ikiwa mbali, moja ikiwa karibu, moja ya mabehewa ya katikati, na moja ya mkia.

Tofauti hii ya mwendo hubadili kila kitu. Treni ya mizigo yenye urefu wa kilomita 2 inayokwenda kilomita 60 kwa saa huchukua dakika 2 kupita mbele yako. Treni ya kasi yenye urefu wa mita 200 inayokwenda kilomita 300 kwa saa huchukua sekunde 2.4. Mbele ya ile ya kwanza unaweza kubadili lenzi. Mbele ya ile ya pili huna muda hata wa kutafakari, na picha utakayopata ni ile uliyoiamua kabla. Wanaoanza huniuliza watumie kasi gani ya shata, yaani kile kipazia cha kamera kinachofunguka na kufunga ili kuingiza mwanga, nami huwaomba wapige hesabu wenyewe. Treni inayokwenda kilomita 120 kwa saa husogea mita 33 kwa sekunde, na kwa hiyo katika sehemu ya elfu moja ya sekunde husogea zaidi kidogo ya sentimita 3. Ukiwa ubavuni mwake na karibu, sentimita hizo 3 zinaweza kuonekana kama ukungu kwenye maandishi ya behewa. Ikiwa inakujia kwa pembe kutoka mbali hazionekani kabisa. Ndiyo maana anayesimama mbali kwa lenzi ndefu, treni ikimwelekea, huweza kupunguza kasi ya shata bila hasara, na anayesimama ubavuni hawezi.

Kuna mambo mawili ya kamera ambayo yaliwahi kunisumbua kwa muda mrefu, nami ningependa yasimsumbue mwingine. La kwanza ni mabango ya taa yanayoonyesha treni inakokwenda. Taa hizo huwaka na kuzima mara nyingi kwa sekunde, haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata, na shata ikiwa ya kasi sana hunasa nusu ya herufi au bango tupu kabisa. Kuishusha hadi sehemu ya 1/125 ya sekunde au chini yake mara nyingi hurudisha herufi zote, ingawa hapo lazima treni iwe inakwenda polepole au imesimama. La pili ni shata ya kielektroniki, ile isiyotoa sauti. Katika kamera nyingi huisoma picha mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, na treni ya haraka iliyopigwa ubavuni hutokea imeinama kana kwamba inasukumwa na upepo, milango na madirisha yote yakiwa ya mshazari. Kwa treni zinazokwenda kasi mimi hutumia shata ya kimakanika, pamoja na mlio wake.

Upo pia ufundi wa kuifuatisha treni kwa kamera, ambao unatenda kinyume cha hayo yote. Unaweka shata polepole, sehemu ya 1/30 au 1/60 ya sekunde, unaigeuza kamera pamoja na kichwa cha treni kwa mwendo ule ule, na unabonyeza huku ukiendelea kugeuka. Treni hubaki imetulia, na miti, nguzo na nyasi huyeyuka kuwa mistari. Picha tisa kati ya kumi huharibika, nami bado huurudia ufundi huu kila mara kwa sababu hakuna njia nyingine inayoonyesha mwendo kwa ukweli huo. Treni iliyogandishwa na shata ya kasi, ikiwa haina moshi wala vumbi, inaweza kuonekana kama imeegeshwa.

Hata hivyo, kamera huja mwisho, mwanga hutangulia. Wapenzi wa treni wa vizazi vilivyopita walikuwa na desturi ya kusimama upande ulio na jua, jua likiwa nyuma ya bega, treni ikija kwa pembe ili uso wake na ubavu wake vyote viangazwe. Ni desturi nzuri kwa anayeweka kumbukumbu, kwa kuwa kila namba na kila bawaba ya mlango huonekana. Adhuhuri desturi hiyo haisaidii, kwa sababu jua la utosini hulifanya bodi la treni kuwa mwavuli, magurudumu na bogi, yaani fremu zinazoyashika, zikapotea katika kivuli cheusi. Asubuhi na jioni mwanga huingia chini ya behewa, ukaonyesha springi, breki na vumbi la safari. Kadiri unavyokuwa karibu na ikweta, ndivyo jua linavyochomoza na kuzama kwa wima zaidi, na mwanga huo mzuri hudumu muda mfupi kuliko katika nchi za kaskazini na kusini ya mbali. Kuna wakati pia ninaposimama kwa makusudi upande wa kivuli, jua la jioni likiwa limelala upande wa pili wa reli, ili ubavu wa mabehewa uakisi mwanga wa chini na kung'aa kama maji, huku kila kitu kingine kikiwa giza. Picha kama hizo hazionyeshi namba yoyote, na zipo kwenye ukuta wangu.

Mtu aliyelielewa tatizo la jua kuliko wote ni Mmarekani O. Winston Link. Kati ya mwaka 1955 na 1960 alipiga picha treni za mvuke za kampuni ya Norfolk and Western zilipokuwa katika miaka yao ya mwisho, na nyingi ya picha hizo alizipiga usiku. Alieleza kwamba hakuweza kulihamisha jua wala kuzihamisha reli, na kwa hiyo akaamua kuutengeneza mwanga wake mwenyewe. Alitandika nyaya nyingi, akapanga balbu za mwako katika eneo zima, na zote zikawaka kwa pamoja mara moja tu, treni ilipofika pale alipopataka. Balbu zikishaungua, nafasi imekwisha. Picha yake maarufu ya mwaka 1956, aliyoipiga Iaeger katika jimbo la West Virginia, inaonyesha watu wakitazama sinema ndani ya magari yao uwanjani, ndege ikiwa kwenye skrini, huku nyuma yao treni ya mizigo ikipita na moshi mweupe juu yake. Ule mwako ulikuwa mkali hata ukaifuta picha iliyokuwa kwenye skrini, na ndege ile aliiingiza baadaye wakati wa kuchapa. Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi. Simlaumu, kwa kuwa ndege hiyo kweli ilionyeshwa kwenye skrini usiku ule, lakini mimi mwenyewe sifuti nguzo wala siongezi mawingu. Picha ikikataa kutoka pale niliposimama, nahamisha miguu.

Yapo maeneo duniani ambayo ardhi na wahandisi wamemchagulia mpigapicha mahali pa kusimama. Nchini Uswisi, daraja la Landwasser lililofunguliwa mwaka 1902 linainuka mita 65 juu ya mto kwa matao 6 ya mawe, limejipinda kwa kona kali, na mwisho wake linaingia moja kwa moja ndani ya handaki kwenye ukuta wa mwamba, hivi kwamba treni inayotoka upande huo hutokeza ghafla kama imezaliwa na mlima. Katika jimbo la California, Marekani, kuna mzunguko wa Tehachapi uliokamilika mwaka 1876, ambapo reli hujizungusha kilima ili kupanda kwa taratibu, na treni ya mizigo yenye urefu wa zaidi ya mita 1,200 hivi hupita juu ya mkia wake yenyewe. Huko Kanada, kwenye hifadhi ya Banff, kona ya reli kando ya mto Bow inaitwa Morant, kwa jina la Nicholas Morant, mpigapicha wa kampuni ya Canadian Pacific aliyeipiga picha tena na tena. Hilo la mwisho ndilo linalonigusa zaidi: mtu alisimama mahali pamoja mara nyingi mno, hata pakaitwa kwa jina lake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo silisemi kwa wepesi. Hakuna picha inayostahili kupigwa kutoka ndani ya reli. Behewa lenye upana wa mita 3 juu ya reli ya milimita 1,435 hujitokeza zaidi ya nusu mita kila upande wa chuma, kwa hiyo anayesimama karibu na reli akidhani yuko kando, yuko njiani. Treni ya mizigo iliyojaa shehena na inayokwenda kasi inaweza kuhitaji kilomita moja au zaidi ili isimame. Dereva anayekuona hana cha kufanya isipokuwa kupiga honi na kufunga breki na kutazama. Jicho nalo hudanganya, kwa maana kitu kikubwa kinachokujia moja kwa moja huonekana kama kinakwenda polepole, na lenzi ndefu huzidisha udanganyifu huo. Penye njia mbili, sauti ya treni unayoipiga picha hufunika kabisa sauti ya ile inayokuja nyuma yako. Chini ya nyaya za volti 25,000 hakuna haja ya kuugusa waya ili udhurike. Umeme unaweza kuruka, na ndiyo sababu siinui kamera juu ya ufito mrefu wala stendi ndefu karibu na nyaya hizo. Mwako wa kamera siuwashi kumwelekea dereva hata mara moja, kwa kuwa macho yake usiku ni sehemu ya usalama wa kila aliye nyuma yake. Stesheni mimi hukaa nyuma ya mstari wa njano, na stendi ya miguu mitatu huitandaza pale tu ambapo haitamkwaza abiria.

Nyuma ya uzio, kwenye ardhi isiyo ya reli, mara nyingi unaona zaidi. Ruhusa huiomba kila ninapotaka kuingia yadini au karakana, nami nimekataliwa mara nyingi kuliko nilivyokubaliwa. Yupo mlinzi wa mahali fulani ambaye aliwahi kunifukuza nikiwa kwenye njia ya umma, nilipokuwa na haki ya kuwapo. Niliondoka. Nilirudi wiki iliyofuata nikiwa na picha zilizochapishwa, nikamwonyesha ninachofanya, naye akaniambia ni saa ngapi kichwa cha kuhamishia mabehewa hutoka nje ya karakana.

Nina daftari. Naandika namba ya kichwa, tarehe, saa, mahali, treni ilikuwa ikielekea wapi na ilibeba nini. Miaka yangu ya kwanza sikuandika, na ninajuta kwa dhati, kwa maana nina mamia ya picha za vichwa ambavyo siwezi kuvitaja tena. Vichwa hupakwa rangi mpya, huuzwa, hukatwakatwa na kuwa chuma chakavu. Mabehewa ya abiria hubadilishwa. Nguzo za ishara zenye mikono huondolewa na taa zikasimikwa mahali pake. Picha ya kawaida kabisa niliyoipiga mchana wenye mwanga mbaya, ya kichwa cha dizeli kikihamisha mabehewa mawili, ndiyo inayoulizwa sasa na watu waliofanya kazi nacho, kwa sababu kichwa hicho hakipo tena. Mmoja wao, dereva mstaafu, aliitazama kwa muda mrefu, kisha akanionyesha kwa kidole dirisha ambalo halikuwahi kufunga vizuri.

Karibu na kona yangu ya Jumamosi kuna sehemu ambapo reli imechongewa njia katikati ya mwamba, na kuta zake huzuia jua la jioni karibu mwaka mzima. Lakini mahali jua linapozamia husogea kidogo kila siku kwenye upeo wa macho, kaskazini na kusini kadiri miezi inavyopita, na nimebaini kuwa mara mbili kwa mwaka, kwa siku chache tu, huzama sawasawa kwenye mdomo wa mkato huo. Mwanga huingia hadi ndani, ukazifuata reli zote mbili na kuzipaka kuta rangi ya shaba. Mara ya kwanza nilipongoja kulikuwa na mawingu. Mara ya pili mwanga ulikuja wote, lakini treni ya abiria ilikuwa imepita dakika 13 kabla, na ya mizigo haikutokea. Nilipiga picha ya reli tupu zikiwaka. Siku hizo zinarudi baada ya wiki tatu. Nimekwisha kwenda kupatazama mahali pangu juu ya ukuta, nje ya uzio, na kuhakikisha kwamba kichaka kilichoota tangu mwaka jana hakizibi upande wa kulia.